Makaburi ya Ggolo, Lambu na Kasensero: Jinsi ya Kuyazuru, Kuyatunza na Kuandika Habari Zake

Wasafiri wengi wa barabara ya Kampala–Masaka hushuka Kayabwe, wakapiga picha kwenye mstari wa ikweta, wakanunua mishikaki na ndizi za kuchoma, kisha wakaendelea na safari. Ni wachache wanaojua kuwa upande wa kushoto, kule ziwani, kuna mwalo wa wavuvi uitwao Ggolo, na kwamba hapo wamezikwa watu 4,771. Hawakufia Ggolo. Waliuawa Rwanda mwaka 1994, wakaletwa na maji.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya mkazi wa Kampala anayetaka kwenda kuwaona, au kikundi cha kanisa, msikiti, shule au ukoo kinachotaka kusaidia lakini hakijui pa kuanzia. Si lazima uwe Mnyarwanda. Cheo na fedha nyingi havihitajiki pia.

Kwanza, walifikaje huku? Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili 1994 na yakaendelea kwa siku 100 hivi. Mauaji ya kimbari ni mauaji yanayokusudia kufuta kabila au jamii nzima, si kumshinda adui vitani tu. Wauaji walitupa maelfu ya watu mitoni. Mto Nyabarongo humwaga maji yake katika Mto Kagera, Kagera hupita kwenye maporomoko ya Rusumo mpakani mwa Rwanda na Tanzania, kisha huzunguka na kuingia Ziwa Viktoria upande wa Uganda, karibu na Kasensero. Maiti zilipofika ziwani, mawimbi yakazisambaza kandokando ya pwani hadi Lambu na Ggolo. Wavuvi ndio walioziona kwanza. Watu waliacha kula samaki, biashara ikafa, na wanavijiji wakajikuta wakiopoa na kuzika wageni ambao hata majina yao hawakuyajua. Baadhi ya watu walijitolea kwa mali zao. Mmoja wao, mfanyabiashara Mahmood Noordin Thobani, alitunukiwa na Rwanda nishani ya Igihango mwaka 2017 kwa kazi hiyo.

Leo makaburi ni matatu: Ggolo katika wilaya ya Mpigi (watu 4,771), Lambu katika wilaya ya Masaka (3,337) na Kasensero, iliyokuwa Rakai na sasa ipo wilaya ya Kyotera (2,875). Jumla ni 10,983. Kaburi la namna hii huitwa kaburi la halaiki, yaani kaburi moja lenye watu wengi waliozikwa pamoja, mara nyingi kwa haraka na bila kutambuliwa.

Pengine utauliza: kaburi lisilo na hata jina moja hutunzwaje? Tusianze sifuri. Wapo waliotutangulia katika msiba wa aina hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wanazi waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, na si wote waliofia kambini. Huko Ukraine, Lithuania na Belarus watu walipelekwa nje ya mji, wakapigwa risasi ukingoni mwa shimo na kufukiwa humohumo. Walionusurika walirudi wakakuta misitu, mashamba na machimbo ya mchanga yenye ndugu zao chini. Katika miaka 80 iliyopita wamejifunza mengi kwa uchungu, na mengi ya hayo yanatufaa Ggolo. Mimi nayagawa mafungu matatu: kaburi lisichokonolewe, majina yaandikwe moja moja, na siku ya kumbukumbu iwe na watu.

Nianze na kutochokonoa, maana hapo ndipo wenye nia njema huharibu. Katika sheria ya dini ya Kiyahudi maiti akishazikwa haguswi, isipokuwa kwa sababu nzito. Kwa hiyo wanapotafuta mipaka ya kaburi la halaiki hawachimbi. Hutumia picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, ushuhuda wa wazee, na mitambo inayopeleka mawimbi ardhini na kuonyesha mahali udongo ulipowahi kuvurugwa. Kule Rava-Ruska, magharibi mwa Ukraine, makaburi yaliyokuwa wazi na kuchimbwachimbwa na watafuta dhahabu yalifunikwa kwa mawe na kuwekewa mpaka, na mwaka 2015 yakazinduliwa pamoja na mengine ya eneo hilo bila kuhamisha mfupa.

Kwa hapa kwetu maana yake ni hii. Ukienda kusaidia usafi Lambu au Kasensero, usiingie na jembe. Majani fyeka kwa slasha, usiyang'oe. Usipande mti juu ya kaburi wala jirani nalo, hata ule mzuri wa kivuli, kwa sababu mizizi hupasua zege na kushuka hadi walipo waliolala. Ukitaka mti, uwe mbali na ukuta. Usimwage dawa ya kuua magugu, kwani maji ya mvua huiteremsha ziwani, na ziwa hilo watu wanalitegemea kwa kunywa. Ukiona zege limepasuka, usijaribu kuliziba kwa saruji uliyoibeba kwenye ndoo. Pima ufa kwa rula, upige picha rula ikiwa pembeni, andika tarehe, kisha mpelekee mwangalizi wa mahali pale na Ubalozi wa Rwanda. Miezi sita baadaye ukirudi na kuukuta umepanuka, una ushahidi wa kuonyesha fundi.

Jambo la kuchunguza kuliko yote ni maji. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana tangu vipimo vianze, likapita hata kile cha mwaka 1964, na mialo mingi ya Uganda ikafurika. Makaburi yetu yako pwani. Unapozuru, zunguka ukiangalia maji ya mvua yanaelekea wapi: yanapita mferejini, au yanatuama kwenye kingo za kaburi? Kuzibua mfereji uliojaa taka ni kazi ya saa moja kwa watu wanne, na inasaidia kuliko shada la maua la laki mbili. Nasema hivyo nikijua wenye maduka ya maua hawatafurahi.

Ruhusa hutolewa wapi? Makaburi haya yalijengewa na Rwanda, na Ubalozi wa Rwanda mjini Kampala ndio unaoandaa kumbukumbu za kila mwaka. Ofisi zake ziko Mtaa wa Nakayima, jirani na Jumba la Makumbusho la Uganda, eneo la Kitante. Mtu mmoja anayekwenda kusimama na kusali hahitaji barua ndefu. Kikundi kinachotaka kufanya usafi, kupiga picha za filamu au kuhoji watu kiandike barua ya ukurasa mmoja: ninyi ni nani, mko wangapi, mnakwenda kaburi lipi, tarehe gani, mtafanya nini, na namba ya simu ya kiongozi. Ipelekeni mkononi mapema, wiki tatu kabla, na mrudi na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Gharama ni karatasi na nauli ya kufika Kitante.

Mkifika kijijini, kituo cha kwanza ni kwa mwenyekiti wa LC1, ambaye wenyeji humwita ssentebe. Usimruke hata kama una barua ya ubalozi. Yeye ndiye atakayejua nani aliopoa maiti mwaka ule, nani ana funguo za lango, na nani asiguswe kwa sababu bado anaumwa rohoni. Kiganda ndicho kinachozungumzwa huko. Kama Kiganda chako ni cha kubahatisha, tafuta mtu wa kukutafsiria, lakini salamu itoe mwenyewe: ssebo kwa mwanaume, nnyabo kwa mwanamke, na jjajja kwa mzee wa umri wa bibi au babu yako.

Usafiri sasa. Ggolo ndiyo karibu: chukua teksi za Masaka, shuka Kayabwe, kisha panda bodaboda hadi mwaloni. Utakwenda na kurudi siku hiyohiyo ukiondoka Kampala alfajiri. Kwa Lambu, unafika Masaka mjini kwanza, halafu unashika barabara ya Bukakata, ileile ya wanaokwenda kivuko cha Kalangala. Kasensero ndiyo ndefu: Masaka, Kyotera, kisha kuteremka ziwani. Kwa usafiri wa umma usijidanganye kuimaliza kwa siku moja. Lala Masaka au Kyotera.

Kuhusu fedha, mimi hushauri mtu mmoja atenge shilingi 100,000 za Uganda kwa Ggolo, 150,000 kwa Lambu, na 250,000 kwa Kasensero pamoja na chumba na chakula. Huenda zikabaki. Nauli hupanda sikukuu, na Pasaka mara nyingi huangukia karibu na tarehe 7 Aprili ambayo ni siku ya kuanza kumbukumbu, basi weka akiba. Mnaokodi gari dogo la abiria 14 mtagawana na itakuwa nafuu, ila patana na dereva kabla: mafuta ni ya nani, na akilala huko nani anamlipia. Aprili na Mei ni miezi ya mvua, barabara za udongo huteleza. Ukidaiwa malipo ya kuingia au ya “ulinzi”, uliza kwa heshima ni ya ofisi gani na upewe stakabadhi.

Nini kifanywe mbele ya kaburi? Wakristo husali na kuwasha mishumaa, Waislamu huomba dua, na wajumbe huweka mashada. Wayahudi huweka jiwe dogo, kokoto tu, kuonyesha kuwa mtu alifika. Maua hunyauka na kuacha waya na plastiki zinazopeperushwa hadi ziwani. Kokoto haina shida hiyo wala haina bei. Kama kikundi chako kinataka kitu cha kuacha, waulize wenyeji kama kokoto zinafaa. Picha za simu piga kaburi na maandishi yake, si kujipiga mwenyewe ukitabasamu. Watoto wa kijiji wakikuzunguka usiwafanye mapambo ya picha.

Sasa nifike kwenye majina. Familia nyingi za Kinyarwanda hapa Kampala huuliza kama zinaweza kumtambua mtu wao kati ya waliozikwa Ggolo au Lambu. Jibu la kweli ni hapana. Miili ilifika imeharibika, ikazikwa kwa wingi, na mifupa imechanganyika. Hakuna orodha ya nani yuko kaburi gani. Mtu akikuambia kwa malipo atakutafutia ndugu yako mahali fulani, ondoka.

Kinachowezekana ni kumwandika. Taasisi ya kumbukumbu ya Wayahudi mjini Yerusalemu, Yad Vashem, imekuwa ikikusanya kwa miongo mingi karatasi za ushuhuda: ukurasa mmoja kwa mtu mmoja. Anayejaza ni ndugu, rafiki, hata jirani. Kwa njia hiyo na kwa kupekua nyaraka, majina yaliyopatikana yamefikia milioni 5 kati ya wale milioni 6. Mengine hayatapatikana. Walionusurika pia walikaa kwa vikundi vya mji mmoja mmoja wakaandika vitabu vya ukumbusho: nani alikuwa mshonaji, duka la nani lilikuwa kona ipi, wimbo gani uliimbwa harusini. Kwa mji uliobaki bila Myahudi hata mmoja, kitabu kikawa ndilo kaburi.

Karatasi ya ushuhuda kama hiyo unaweza kuitengeneza kwenye daftari la shule. Andika majina yote ya marehemu pamoja na jina la utani. Majina ya baba na mama. Mwaka wa kuzaliwa, hata wa kukisia, na uandike kuwa unakisia. Kazi yake. Kilima, sekta na komine alikoishi. Hapo angalia sana: andika kama ilivyoitwa mwaka 1994, si leo, kwa sababu Rwanda ilipanga upya mipaka yake ya utawala mwaka 2006 na majina mengi yakabadilika. Mtu akiandika jina jipya bila kusema, mtafiti atamtafuta mahali pengine kabisa. Endelea: alionekana lini mara ya mwisho, wapi, na nani. Kisha jambo moja lisilohusu kifo, kama vile alivyopenda kupiga inanga au alivyokuwa mkali kwa watoto wasiooga. Mwisho jina lako, uhusiano wako naye, tarehe na saini. Kama kuna picha ya zamani, ipige kwa simu mchana karibu na dirisha, usiibandike gundi wala kuiandika nyuma kwa kalamu ya wino.

Karatasi inayofanana na hiyo wajazieni pia waliozika. Hili nalisisitiza, maana marehemu wana wizara, chama na balozi wanaowasemea, ila yule mvuvi wa Kasensero hana. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1994 sasa amevuka 60. Akiondoka, anaondoka na habari ambazo hazijaandikwa popote: shimo la kwanza lilichimbwa upande gani, nani alileta glovu, waliokuwa na watoto mgongoni walizikwaje.

Ukipata ridhaa ya mzee kuzungumza, nenda na mtu mmoja tu, si kundi. Usimlipe kwa ushuhuda, kwani malipo huzaa hadithi. Lakini usiende mikono mitupu pia, si adabu: kilo mbili za sukari na mche wa sabuni hugharimu chini ya shilingi 20,000 na kila nyumba inavihitaji. Anza na kazi, si na uchungu. Muulize mtumbwi wake ulikuwa wa nani, walikuwa wangapi, walianza saa ngapi, walitumia nini kuvuta. Mikono ikikumbuka, mengine hufuata yenyewe. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akilia, funga simu, usimwambie amalizie. Mwishoni msomee ulichoandika, naye asahihishe. Muulize kama jina lake litajwe au lifichwe, na neno lake liwe la mwisho hata kama habari yake ni nzuri mno kuachwa bila jina. Watoto wake wakikataa, rudi nyumbani.

Siku ya kumbukumbu nayo ina kanuni zake. Wayahudi wana sala ya Kadishi ya kumwombolezea marehemu, na haisomwi na mtu peke yake: lazima watimie kumi. Hekima yake ni ya kivitendo. Anayefiwa hulazimika kutoka nje kuwatafuta wenzake. Wayahudi wa hapa Uganda, Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 na yenye sinagogi katika kilima cha Nabugoye karibu na Mbale, wanaweza kukueleza zaidi kuliko mimi. Kwa upande wa Rwanda, maombolezo huanza tarehe 7 Aprili na huitwa Kwibuka. Hapa Uganda ibada ya kitaifa hufanyika katika mojawapo ya makaburi haya, basi ulizia ubalozini mwezi Machi mwaka huu ni zamu ya wapi. Vaa nguo za heshima, beba maji na mwavuli, na ujiandae kwa hotuba ndefu. Ushauri wangu kwa vikundi: nendeni Aprili kwa heshima, lakini kazi ya usafi ifanyeni Agosti au Januari, wakati hakuna kamera na majani yameota.

Na ukikuta mifupa ya binadamu mahali pengine, tuseme unachimba mchanga, msingi au choo? Simamisha kazi. Usiikusanye kwenye gunia. Ifunike kwa kitambaa safi au majani ya mgomba, weka alama, mtu mmoja abaki pale, mwingine amwite mwenyekiti wa LC1 na polisi wa kituo cha karibu. Usirushe picha WhatsApp. Polisi na daktari ndio wanaoamua kama ni kaburi la zamani la ukoo, la uhalifu wa juzi, au la vita, na nchi yetu ina ya kila aina. Luweero peke yake imezika wengi wa vita vya 1981 hadi 1986. Kuingilia makaburi na kuchezea maiti ni kosa la jinai Uganda, kwa hiyo hata mwenye shamba haruhusiwi “kuihamisha kidogo” ili ajenge.

Karatasi zikishajaa, usiziache chini ya godoro. Piga kila ukurasa picha, jitumie kwa barua pepe. Nakala moja peleka Ubalozi wa Rwanda, uiombee ifike kwa Wizara ya Umoja wa Kitaifa ya Rwanda, MINUBUMWE, iliyoanzishwa 2021, na kwa Ibuka, chama cha walionusurika. Nyingine ya majina ya marehemu inafaa kufika kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kumbukumbu ya Gisozi mjini Kigali. Pale wamezikwa watu zaidi ya 250,000, na ukuta wa majina bado una nafasi tupu. Ushuhuda wa wavuvi jaribu kuupeleka pia kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Nakala ya mwisho mrudishie mzee mwenyewe, ikiwa imechapishwa kwa herufi kubwa na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki, maana nyumba za mwaloni huvuja.